Kuonja mvinyo Finger Lakes: siku moja, ziwa moja, upande mmoja

Wageni wengi wa Finger Lakes, eneo la maziwa marefu katika jimbo la New York, Marekani, hukosea wakiwa bado mbele ya ramani. Mtu anaona kiwanda kizuri cha mvinyo ng'ambo ya Ziwa Seneca, kilomita chache tu juu ya maji, akadhani atakatiza. Hakuna daraja. Ziwa lina urefu wa kilomita 60 hivi, na kwenda ng'ambo ni kulizunguka kupitia Geneva kaskazini au Watkins Glen kusini. Muda mwingi huishia njiani. Chagua upande mmoja: Barabara ya 14 magharibi mwa Seneca, ya 414 upande wa kusini-mashariki, au ya 89 magharibi mwa Ziwa Cayuga.

Viwanda vitatu kwa siku vinatosha. Kionjo kimoja huwa kama mililita 30. Aina sita kwenye kiwanda kimoja ni mililita 180. Ukipita viwanda vinne umekunywa 720, yaani karibu chupa nzima. Tumia chombo cha kutemea kilicho mezani. Hakuna atakayeona umemdharau, maana watengenezaji wenyewe hutema. Dereva asinywe kabisa. Sheria ya jimbo inaweka kikomo cha pombe kwenye damu kuwa asilimia 0.08, lakini hata ukizidi 0.05 unaweza kushtakiwa. Chini ya miaka 21 hauziwi, kwa hiyo beba kitambulisho.

Viwanda vidogo vina wahudumu wachache, mara nyingine mwenye shamba ndiye anayemimina. Weka nafasi mapema, hasa mkiwa kundi. Jumamosi za Oktoba hufurika watu. Jumanne hadi Alhamisi utapata muda wa kuuliza maswali. Majira ya baridi, hakikisha kwanza kama pamefunguliwa.

Usijipulize manukato siku hiyo. Harufu yake huharibu pua yako na ya jirani yako.

Anza na Riesling, zabibu iliyolipatia eneo hili sifa. Maji ya kina kirefu, mita 188 hivi Seneca, huhifadhi joto la kiangazi na kupunguza makali ya baridi kwenye miteremko, ndiyo sababu mizabibu ya Ulaya inaweza kuishi hapa. Hata hivyo ubaridi huiachia zabibu uchachu mkali, na hapo ndipo wengi hukosea: huona sukari kidogo wakaikimbia, kumbe ndiyo inayousawazisha uchachu huo. Chupa nyingi zina kipimo nyuma kinachoonyesha kutoka mkavu, yaani usio na utamu, hadi mtamu. Kisome kabla ya kuhukumu. Onja mikavu kwanza na mitamu mwisho, la sivyo mkavu utaonekana kama ndimu. Glasi ikiwa baridi mno hutasikia harufu. Ifumbate kwa viganja dakika mbili. Kwa mvinyo mwekundu omba Cabernet Franc, inayoiva hapa kwa urahisi kuliko Cabernet Sauvignon.

Andika jina na mwaka wa kila unachokipenda papo hapo, kwani baada ya kiwanda cha pili ladha huchanganyika kichwani.

Ukinunua, usiache chupa ndani ya gari juani. Joto hutanua mvinyo, kizibo kikasukumwa nje, na ladha ikawa kama ya matunda yaliyopikwa. Beba kisanduku cha kutunza baridi, na uwanja wa ndege uzifungashe kwenye mzigo wa kukabidhi, kila chupa imezungushiwa nguo nzito.