Namna ya Kutawanya Uwekezaji wa Mfuko wa Pensheni

Kabla ya kununua chochote, wadhamini wa mfuko wa pensheni hapa Mombasa waorodheshe kwanza umri wa wanachama, kwa kuwa mfuko wenye vijana wengi waweza kuvumilia hisa zinazopanda na kushuka, ilhali wanaokaribia kustaafu wahitaji zaidi hatifungani za serikali (yaani hati za mkopo ambao mfuko huipa serikali), ambazo hulipa riba kila miezi sita. Kanuni za Kenya kwa kawaida huruhusu hadi asilimia 90 ya mali ya mfuko katika dhamana za serikali, hatifungani zikiwemo, 30 katika ardhi na majengo, na 15 nje ya nchi. Jengo la Nyali hupendeza macho (nasi Wapwani twapenda ploti kupita kiasi), lakini haliuziki kwa wiki moja wastaafu wanapodai haki zao. Sehemu yake iwe ndogo. Mgawanyo wenyewe ukaguliwe kila robo mwaka.