Somo: paneli nene za kunyonya sauti kwa studio ya chumba cha futi kumi kwa kumi

Vyumba vingi tunavyopanga Nairobi ni vya mawe ya kuchonga, plasta laini na sakafu ya simiti au tailsi. Sauti ikigonga kuta za namna hiyo hurudi karibu nzima, ndiyo maana ukirekodi unasikika kana kwamba uko bafuni hata kama maiki ni ya bei. Leo tunajenga paneli unazoweza kuhama nazo, maana wengi wetu tumepanga na hakuna anayetaka kupoteza diposti kwa ajili ya matundu ya ukutani.

Msimamo wangu niuseme mapema: paneli nne nene zinashinda chumba kizima kilichobandikwa sponji za inchi moja. Sponji nyembamba inakula sauti za juu tu, zile za "s" na matoazi, halafu besi inabaki ikizunguka ilivyokuwa. Chumba kinaziba masikio lakini hakijapona. Trei za mayai ndizo kabisa usiziguse. Ni karatasi nyepesi, hazinyonyi kitu cha maana, na zikipata cheche zinawaka mara moja.

Hatua ya 1: jua chumba chako kinapigia wapi

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Zidisha urefu wa chumba kwa mbili, kisha ugawe 343 kwa jibu hilo. Futi kumi ni mita 3.05, kwa hiyo 343 ÷ 6.1 ni kama Hz 56, yaani mitetemo 56 kwa sekunde. Hapo ndipo chumba chako kinapovuma chenyewe, na ni jirani kabisa na uzi wa A wa gita la besi, ulio Hz 55. Ubaya wa kumi kwa kumi ni kwamba upana nao ni huohuo, basi mvumo wa urefu na wa upana unaangukia mahali pamoja na kujazana. Mwenye chumba cha kumi kwa kumi na mbili ana nafuu.

Mvumo huo haulingani kila mahali. Ukutani unajaa, katikati ya chumba unapotea. Prodyusa akikaa katikati haisikii besi, anaiongeza, na wimbo ukipigwa kwenye matatu vioo vinatetemeka na maneno hayasikiki.

Hatua ya 2: panga meza kabla ya kununua msumari

Anza kupima kutoka ukuta unaoutazama, ukae kwenye asilimia 38 hivi ya urefu wa chumba. Kwa mita 3.05 hiyo ni mita 1.16. Spika mbili na kichwa chako viwe pembetatu ya pande sawa, na umbali wa kushoto hadi ukutani ulingane na wa kulia. Kabati likikulazimisha kusogea kidogo, sogea. Asilimia 38 ni mahali pa kuanzia, halafu sikiliza.

Hatua ya 3: vifaa

Moyo wa paneli ni pamba ya mawe, ile mafundi huita rokwuli. Itafute Industrial Area kwa wanaouza vifaa vya kukinga joto la boila na mabomba ya mvuke. Muulize muuzaji uzito wake: kilo 40 hadi 60 kwa mita ya ujazo unatosha. Akikwambia ya kilo 100 ni bora zaidi, kwa boila anasema kweli, kwa studio hapana. Vipande huja sentimita 120 kwa 60, unene sentimita 5, na kila paneli inakula viwili.

Mbao chukua saiprasi ya inchi sita kwa moja, isiyopigwa randa. Wengi hununua ya inchi nne, lakini ya sita inakupa sentimita 10 za pamba na kama sentimita 5 za hewa nyuma yake. Hewa hiyo ina kazi. Pamba hunyonya kwa kusugua hewa inayotembea na kuigeuza kuwa joto dogo usiloweza kulihisi. Hewa iliyogusana na ukuta haitembei, basi pamba iliyobanwa ukutani nusu yake imelala. Isogeze mbele na paneli ileile itanyonya besi za chini zaidi bila wewe kuongeza hata shilingi ya pamba.

Kitambaa jaribu kwa mdomo: kiweke usoni upulize. Hewa ikipita, sauti nayo itapita. Gunia la kahawa linafaa, leso inafaa. Vitenge vingine vina nta nzito na hewa haipiti, hivyo acha. (Leso ina faida nyingine: msanii akichoka kurekodi anasoma methali iliyo kwenye paneli.)

Hatua ya 4: fremu

Ndani ya fremu iwe sentimita 120 kwa 60. Mbao ina unene wa sentimita 2.5, kwa hiyo kata mbili za sentimita 120 na mbili za sentimita 65 zinazofunika ncha. Jumla ni sentimita 370, na futi 12 ni sentimita 366 tu. Mwenye duka atakuambia futi 12 inatosha. Haitoshi, na msumeno nao unakula yake. Nunua futi 13.

Weka gundi ya mbao, piga skrubu mbili kila kona, halafu vipande viwili vya mbao nyembamba kwa nyuma vishike pamba isirudi ukutani. Vaa mikono mirefu, glavu na maski, fungua dirisha, na watoto wawe nje. Pamba ya mawe inawasha. Ukimaliza nawa kwa maji baridi kwanza. Kabla ya kitambaa cha urembo tandaza shuka jepesi juu ya pamba ili nyuzi zisitoke, kisha vuta kitambaa na ukipige stepla nyuma, ukianzia katikati ya kila upande kuelekea kona. Ukianzia kona kitakunjamana.

Hatua ya 5: zisimame wapi

Mbili ziweke kwenye kona za mbele, zikikata kona kimshazari kutoka sakafuni, kwa sababu besi hujazana konani. Mbili nyingine zikae pembeni, kushoto na kulia. Mahali hasa utapajua kwa kioo: kaa kitini, rafiki atelezeshe kioo ukutani usawa wa masikio yako, na pale unapoiona spika ndani ya kioo ndipo paneli inapokaa. Ziegemeze kwenye stendi ya mbao au nyuma ya meza, ukuta usiguswe.

Ukipata hela zaidi, nunua pakiti nzima za rokwuli na uzipange konani hadi juu bila kuzifungua. Nailoni inarudisha sauti za juu kidogo, lakini besi inapita na kunyonywa. Ukihama unabeba zilivyo.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Pipeline:* Kiongozi, jirani wa juu ananigongea kila nikifungua spika. Nikiweka paneli nne atatulia?

Hapana. Paneli zinatuliza sauti ndani ya chumba, hazizuii kutoka. Kuzuia kunataka uzito na kuziba hewa: mlango mzito, mpira kuzunguka fremu yake, nyufa za dirisha zifungwe. Na besi inapanda kwa slabu hadi kwake hata ukiziba kila tundu. Kenya ina kanuni za kelele chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, tangu 2009, na jirani anaweza kuzitumia. Changanya nyimbo kwa hedifoni usiku, spika ziwe za mchana, na ongea naye kabla hajaongea na keateka.

*Mwanachama wa Kayole:* Nina godoro kuukuu. Nikate sponji nibandike?

Likiwa zima, lisimamishe konani, litasaidia kidogo. Kulikata na kulibandika kuta nzima sikushauri, hasa kwa sababu ya moto. Sponji ya poliyurethani inawaka haraka na moshi wake ni sumu. Mwaka 2003, kwenye klabu ya usiku huko West Warwick, Marekani, sponji ya ukutani ilishika moto wa fataki za jukwaani na watu 100 wakafa. Chumba chako kina mlango mmoja na ekstensheni moja inayobeba vitu sita. Pamba ya mawe haiwaki.

*Mwanachama wa Kawangware:* Mwalimu, paa langu ni mabati na mvua ya Aprili haina huruma. Kuna dawa?

Ya paneli hakuna. Mvua ni mgongano kwenye bati lenyewe. Dari nzito ya jipsamu yenye pamba juu yake inapunguza, lakini hiyo ni gharama ya mwenye nyumba. Kati ya Machi na Mei rekodi sauti asubuhi pakiwa pakavu, mvua ikianza fanya kazi ya kompyuta.

*Mwanachama wa Umoja:* Mimi ni mwimbaji tu, spika sina. Bado nijenge nne?

Anza na mbili, dada. Maiki nyingi za kuimbia husikia zaidi upande wa mbele, kwa hiyo sehemu muhimu ni iliyo nyuma ya mgongo wako, maana ndiyo maiki inaitazama. Weka paneli mbili hapo zikiwa na pembe kati yake. Kwa sasa, blanketi nzito mbili za Gikomba zilizoning'inizwa pamoja, mbali na ukuta kama urefu wa kiganja, zitakusukuma vizuri kwa sauti ya mtu. Kwa ngoma na besi hazitoshi.

*Mwanachama wa Zimmerman:* Nitajuaje zimefanya kazi?

Piga kofi kabla na baada. Ule mlio wa kutetema unaofuata kofi unapaswa kupotea. Kwa besi, kofi halikusaidii. Pakua programu ya Room EQ Wizard, ni ya bure, uipimie kwa maiki ya vipimo pale unapokaa. Maiki ya simu usiiamini chini kabisa. Kama huna maiki ya vipimo, cheza toni inayopanda taratibu kutoka Hz 40 hadi 120 kwa sauti ya kawaida, uandike inapovuma na inapozama, kisha urudie baada ya paneli. Pale kwenye Hz 56 mvumo utapungua, hautaisha. Ukitaka upungue zaidi, ongeza unene konani.