Shambulio la mwisho katika hadithi ya vita: namna ya kulijengea sababu

Kabla ya kuchora ramani au kumpa jenerali maneno, jaza sentensi hii: "Tukingoja hadi ___, tutapoteza ___." Ukishindwa kuijaza, shambulio lako halina sababu bado. "Wanataka kushinda" haitoshi, maana walitaka hivyo tangu risasi ya kwanza.

Ujerumani ya 1918, katika Vita Kuu ya Kwanza, inaijaza vizuri. Urusi ilikuwa imejitoa vitani, kwa hiyo divisheni nyingi zilihamishiwa magharibi. Lakini Wamarekani nao walikuwa wakishuka Ufaransa kwa maelfu. Jenerali wao Ludendorff alikuwa na miezi michache tu ya kuwa na askari wengi kuliko adui, akashambulia tarehe 21 Machi.

Sababu ikishapatikana, iache ichague shabaha na siku. Anayetaka kuvunja muungano wa maadui hupiga pale majeshi yao yanapokutana, au bandari inayowalisha wote. Desemba 1944 Hitler alilenga Antwerp, bandari ya Ubelgiji, ili awatenge Waingereza na Wamarekani, na akasubiri mawingu mazito yazuie ndege. Anayetaka turufu mezani hufuata kalenda ya wanadiplomasia: Dien Bien Phu, ngome ya Wafaransa huko Vietnam, ilianguka mikononi mwa Viet Minh, wapigania uhuru, tarehe 7 Mei 1954, na kesho yake kikao cha Geneva kikaanza kuijadili Indochina. Anayetaka kuung'oa utawala huenda mji mkuu, lakini si lazima aufunge pande zote. Mwaka 1979 jeshi la Tanzania (JWTZ) na wapiganaji wa Uganda waliompinga Idi Amin waliiacha wazi barabara ya Jinja walipoikaribia Kampala, ili askari wa Libya waliokuja kumsaidia Amin wapate pa kutokea. Njia moja iliyoachwa makusudi inamweleza msomaji nia ya kamanda kuliko hotuba ya kurasa tatu.

Halafu piga hesabu. Hapa ndipo hadithi nyingi huanguka. Askari wa miguu mwenye mzigo huenda kilomita 20 hadi 30 kwa siku pasipo upinzani. Mizinga, risasi na chakula hubaki nyuma, hasa katika ardhi iliyochimbuliwa na mabomu. Wajerumani wa 1918 walisonga takriban kilomita 60, kisha wakakwama kabla ya Amiens, makutano ya reli waliyoyahitaji mno. Njiani, mjini Albert, askari wenye njaa walisimama kupora vyakula na mvinyo. Tukio kama hilo liandike kwa karibu: mikate mfukoni, chupa mkononi, ofisa anafoka na hakuna anayegeuka. Wale wa 1944 walitegemea kuteka mafuta ya adui. Mpango ukisimama juu ya kitu ambacho bado kiko mikononi mwa adui, mtaje mapema mhusika anayekilinda.

Mwisho, gawa ujuzi. Andika sababu tatu kwenye karatasi: ile inayotangazwa redioni, ile wanayoambiwa makamanda, na ile anayoijua kiongozi peke yake, ambayo mara nyingi ni hofu ya kupinduliwa. Zikifanana zote, mvutano umekufa. Zikitofautiana, amua ni koplo gani atakayegundua kwanza, na kwa ushahidi gani: mathalani, amri ya kusonga mbele imefika, lakini malori ya kurudisha majeruhi hayakupangwa kabisa.