Umeomba taarifa ofisi ya umma wakakaa kimya? Fanya hivi

Wiki hii watu wawili wameniuliza kitu kile kile, mmoja yuko Nkuhungu mwingine Bahi, wote walipeleka barua ofisi ya umma kuomba taarifa na wote wako mwezi wa tatu sasa hawajajibiwa hata mstari mmoja. Nikawauliza wote swali moja, mna nakala yenye muhuri wa kupokelewa? Hakuna. Kwahiyo naanzia hapo, maana bila huo muhuri malalamiko yako hayana miguu.

Kwanza ujue unasimamia nini. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016, inatumika Tanzania Bara tu (Zanzibar hapana), na inampa raia haki ya kupata taarifa iliyoko kwenye ofisi ya umma, iwe wizara, halmashauri, wakala, mpaka taasisi binafsi inayotumia hela ya umma. Juu yake kuna Katiba ibara ya 18. Ukishaomba kwa maandishi, ofisi ina siku zisizozidi 30 tangu ilipopokea barua kukujibu kwa maandishi kama taarifa ipo na kama utapewa au hupewi. Soma vizuri hapo, sheria haisemi lazima upewe kila kitu, kuna mambo yamezuiwa kama usalama wa taifa, faragha ya mtu mwingine, uchunguzi unaoendelea. Lakini jibu lazima, hata kama jibu lenyewe ni hapana.

Sasa kimya. Kimya ndo kigumu kuliko hapana, kwa sababu kifungu cha 19 kinachokupa njia ya kulalamika kinaongelea mtu ambaye hakuridhika na uamuzi wa ofisi, na ofisi ikinyamaza wewe huna uamuzi wowote mkononi wa kuupinga. Kwahiyo kazi yako yote ni kugeuza kile kimya kiwe karatasi.

Mimi mwenyewe niliumia hapa. Niliandika barua ofisi moja ya umma hapa Dodoma kuomba nakala ya mkataba wa mradi wa maji wa mtaani kwetu, nikamkabidhi dada wa mapokezi nikaondoka zangu naamini imefika. Miezi miwili baadae narudi naambiwa barua haionekani, nikaanza upya siku ya kwanza, na iliniuma kwa sababu majirani walikua wananisubiri mimi. Mara ya pili nilitoa kopi mbili pale steshenari, moja wakabaki nayo, ya pili wakanigongea muhuri wa kupokelewa na tarehe. Hiyo kopi ndo kila kitu. Kama uko mbali, tuma kwa rejista posta utunze risiti, au tuma kwenye barua pepe rasmi ya ofisi na uhifadhi ile uliyotuma.

Kama hujui kuandika au una ulemavu unaokuzuia, sheria inaruhusu uombe kwa mdomo na ofisa anatakiwa akuandikie. Mwambie aandike mbele yako, akupe kopi.

Hesabu siku zako. Barua ikipokelewa tarehe 3 Machi, siku ya 30 ni tarehe 2 Aprili. Usiende kugombana tarehe 20 Machi, bado wako ndani ya muda wao. Na hii ya kuambiwa "bosi yuko bungeni" utaisikia sana hapa kwetu kuanzia Aprili mpaka Juni kwenye bunge la bajeti, ni kweli viongozi wanakua hawashikiki lakini siku 30 hazisimami kwa sababu hiyo.

Kabla hujalalamika pita masjala, yaani chumba cha kupokea barua na kutunza mafaili. Watu wengi hawajui barua inatembeaje ndani ya ofisi, na ukijua unaokoa wiki nyingi. Barua inapokelewa masjala, inaingizwa kwenye faili, inapanda kwa mkuu wa ofisi, yeye anaandika dokezo kuielekeza kwa mkuu wa idara fulani, anashusha kwa ofisa, na mara nyingi ndo inalala hapo, sio kwamba kuna mtu kaamua kukunyima. Kwahiyo uliza kwa upole, "naomba kujua barua yangu ya tarehe fulani iko kwenye faili namba ngapi na imeelekezwa kwa nani". Siku hizi ofisi nyingi zinaskani barua kwenye mfumo kwahiyo mtu wa masjala anaweza kuona imefika wapi. Andika jina la cheo, sio lazima jina la mtu, na tarehe uliyoambiwa. Salimia watu vizuri, wale wa masjala ndo watakaokusaidia kuliko mtu yeyote kwenye lile jengo.

Siku 30 zikipita hamna kitu, ndo unaandika barua ya pili, na hii hupeleki kwa afisa habari wala mapokezi, unaiandika kwa mkuu wa taasisi mwenyewe kwa cheo chake. Kama ni halmashauri ni Mkurugenzi, kama ni wizara ni Katibu Mkuu, kama ni wakala ni Mtendaji Mkuu. Iwe fupi, ukurasa mmoja unatosha, mfano:

"YAH: OMBI LA MAPITIO KWA KUTOJIBIWA OMBI LA TAARIFA. Tafadhali rejea barua yangu ya tarehe 3 Machi iliyopokelewa ofisini kwako siku hiyo hiyo (nakala imeambatishwa). Niliomba nakala ya mkataba wa mradi wa maji wa mtaa wetu. Siku 30 zilizowekwa na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 zimepita bila majibu, hivyo nimechukulia kuwa ombi langu limekataliwa. Kwa kifungu cha 19 naomba ufanye mapitio na unipe majibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Kama sehemu ya taarifa imezuiwa kisheria, naomba kupewa sehemu iliyobaki na sababu za kuzuiwa kwa ile nyingine."

Ile sentensi ya "nimechukulia kuwa limekataliwa" usiiache, ndo inayokuingiza kwenye kifungu. Na usichelewe, sheria inampa mlalamikaji siku 30 za kuomba mapitio, kwahiyo mimi nashauri upeleke ndani ya wiki ya kwanza baada ya muda wao kuisha, usimpe mtu nafasi ya kusema umechelewa. Usitukane, usitaje rushwa kama huna ushahidi, usichanganye na mgogoro wako wa kiwanja na jirani. Jambo moja barua moja. Muhuri tena.

Kinachotokea baada ya hapo mara nyingi ni simu. Unapigiwa, "njoo tuongee". Nenda, ni vizuri, mimi nilienda na nilielezwa mambo mengi ya maana, ila ukitoka waandikie barua fupi kwamba tarehe fulani niliitwa nikaelezwa hivi na hivi, bado nasubiri majibu ya maandishi. Maneno ya ofisini hayana folio, yaani hayana namba kwenye faili kama barua.

Kuna wengine watakwambia taarifa haiko kwetu. Inawezekana kabisa, hasa hapa Dodoma kwenye mambo ya viwanja, CDA (mamlaka ya kustawisha makao makuu, iliyokua inagawa viwanja) ilivunjwa mwaka 2017 na majukumu yake yakahamia halmashauri ambayo mwaka 2018 ikawa Jiji, kwahiyo karatasi za zamani zimehama ofisi. Waombe wakuandikie iko ofisi gani, au wao wenyewe wahamishie ombi lako huko wakupe nakala ya barua ya kuhamisha. Usikubali kuzungushwa kwa mdomo kutoka mlango huu kwenda ule.

Mkuu wa taasisi akikataa, una siku 30 tangu upate uamuzi wake kukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya sheria, yaani Katiba na Sheria, ofisi ziko Mtumba Mji wa Serikali. Kwetu sisi wa hapa ni nauli tu, mtu wa Kigoma atume kwa rejista. Ambatisha kila kitu kwa mpangilio wa tarehe. Uamuzi wa Waziri ndo wa mwisho kwa sheria hii, isipokua kama taasisi unayoilalamikia iko chini ya Waziri huyo huyo, hapo rufaa inaenda Mahakama Kuu. Ukifika hatua ya mahakama usiende peke yako, tafuta wasaidizi wa kisheria, wapo mpaka wilayani.

Njia za pembeni zipo na zinaweza kwenda sambamba. Mfumo wa e-Mrejesho wa serikali unapokea malalamiko kwa mtandao na hata kwa simu ya kitochi kupitia *152*00#, tunza namba ya ufuatiliaji. Angalia pia mkataba wa huduma kwa mteja wa ofisi husika, mara nyingi umebandikwa ukutani na umeandika barua hujibiwa ndani ya siku ngapi, unukuu kwenye barua yako. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, makao makuu yake yako hapa hapa Dodoma, inapokea malalamiko ya utawala mbovu bure, na kutojibu wananchi ni utawala mbovu. Na kama unachotafuta ni taarifa zako mwenyewe, sio za umma, basi sheria yako ni ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na kuna Tume yake.

Diwani nae msimsahau. Kwa mambo ya mtaa na kata diwani akiuliza kwenye kikao cha baraza, faili linashuka haraka.

Mimi nilijibiwa wiki ya tatu baada ya barua ya pili. Ukiitwa kuchukua, hesabu kurasa hapo hapo kaunta na uangalie viambatisho vilivyotajwa kwenye barua vyote vipo, kama kuna pungufu andika pembeni ya sahihi yako kwenye kitabu "nimepokea kurasa 14, kiambatisho B hakipo", ndo usaini.