Jinsi ya kuanzisha ada ya mtaa kwa ulinzi na matengenezo mjini Mombasa

Mwenye nyumba Mombasa hulipa kodi ya ardhi kwa Serikali ya Kaunti, na hata baada ya kulipa, mtaa wake huweza kubaki bila askari wa usiku, bila taa ya kichochoroni na bila mfereji wa kupitisha maji ya masika. Majirani wengi huziba pengo hilo kwa mchango wa kila mwezi, ambao mara nyingi hufa mapema kwa sababu fedha zilianza kukusanywa kabla ya watu kukubaliana zitanunua nini.

Jambo la kwanza la kuelezana ni kwamba ada ya mtaa si kodi. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 209, imeipa kaunti uwezo wa kutoza kodi ya mali isiyohamishika, na Kifungu cha 210 kinakataza kodi yoyote isiyowekwa na sheria. Kwingineko serikali yenyewe hukusanya fedha za namna hii. Afrika Kusini, kwa mfano, sheria ya mwaka 2004 inairuhusu manispaa kutoza nyongeza juu ya kodi ya majengo katika eneo maalumu, iwapo wengi wa watakaolipa wamekubali. Na huko New Orleans, Marekani, ada ya wilaya za ulinzi, yaani mitaa inayojilipia ulinzi wa ziada, hupigiwa kura na wakazi, kisha huandikwa kwenye hati ileile ya kodi ya nyumba. Chama cha wakazi hapa kwetu hakina mkono huo wa kulazimisha, kwa hiyo nguvu yake yote imo katika makubaliano yaliyoandikwa na kutiwa saini.

Anzeni kwa kuchora mpaka. Tajeni barabara kwa barabara, hesabuni milango, na msichukue eneo kubwa kuliko askari wawili wanavyoweza kulizunguka kwa miguu. Kisha amueni nani hasa atalipa, na hapa Mombasa ina jambo lake ambalo miongozo iliyoandikwa kwa miji mingine hailigusi. Katika mitaa kama Majengo, mwenye nyumba huweza kuwa si mwenye kiwanja: amejenga juu ya ardhi ya mtu mwingine, naye humlipa kodi ya kiwanja, huku vyumba vyenyewe vikikaliwa na wapangaji. Mkiandika tu kwamba “mwenye mali atalipa”, watu watatu watatazamana na hakuna atakayetoa. Kwa maoni yangu ni haki anayepokea kodi ya vyumba alipe sehemu ya matengenezo, kwa kuwa mfereji na taa huipandishia nyumba yake thamani, na anayelala mle alipe sehemu ya ulinzi. Wenye fleti waulizwe kwanza kama ada ya huduma wanayotoa tayari inamlipa mlinzi wa geti lao, ili wasitozwe mara mbili kwa kazi moja.

Hesabu ifanywe kwa idadi ya watakaolipa kweli. Tuchukue mfano wa mtaa wenye nyumba 60, ambao umepewa bei ya shilingi 35,000 kwa kila mlinzi kwa mwezi, nao unahitaji walinzi 4. Hizo ni shilingi 140,000. Taa na usafi wa mifereji vikichukua 20,000, na akiba ikiwa 16,000, jumla ni 176,000. Zikigawanywa kwa nyumba 60, kila nyumba hutoa chini kidogo ya 3,000. Lakini robo ya nyumba zikikaa kimya, wanabaki walipaji 45, na kila mmoja anahitajika kutoa zaidi ya 3,900. Mtaa huu uweke ada ya 4,000 tangu mwanzo, au uajiri walinzi 3, kuliko kumkopa askari mshahara wake ifikapo mwezi wa nne tangu kuanza. Ulizeni pia kama bei mliyopewa imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16.

Kampuni ya ulinzi iwe imesajiliwa chini ya sheria ya ulinzi binafsi ya mwaka 2016. Iombeni cheti kabla ya kutia saini. Mpelekeeni OCS (mkuu wa kituo cha polisi) na chifu majina ya walinzi na nambari za simu za kamati, kwani askari wa mtaa si polisi. Geti lisijengwe kwenye barabara ya umma bila kibali, hata kama majirani wote wamekubali.

Chama kisajiliwe chini ya Sheria ya Vyama, kifungue akaunti ya benki yenye watia saini watatu, na kukataa kabisa fedha zinazotumwa kwa simu ya mwekahazina. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwezi bandikeni mapato na matumizi mahali ambapo kila mtu hupita, lakini msibandike majina ya wadaiwa: kati yao wamo wajane na waliopoteza kazi, na aibu ya ukutani haijapata kumfanya jirani awe mlipaji mwema. Wasiojiweza wapunguziwe kwa kanuni iliyoandikwa, si kwa huruma ya mwenyekiti.

Hatimaye, ada ipewe muda wa kuisha, miaka miwili kwa mfano, na isiendelee mpaka mkutano uipitishe upya. Mkutano huo uitwe jioni baada ya Isha, siku ambayo wapangaji pia watakuwa nyumbani, na mwakilishi wa wadi aalikwe, ili akabidhiwe orodha ya kazi zilizo jukumu la kaunti, kama vile mifereji mikuu na taa za barabarani, pamoja na nakala za risiti za kodi ya ardhi ambayo wenye nyumba wamekwisha kulipa.