Anza na wale baba wawili

Mara tatu nilimwalika wifi yangu aje kutazama filamu ya "Rafiki", mara tatu akanikatalia. Kila nikimwambia ni filamu ya wasichana wawili wanaopendana, anajitanda kanga yake anaondoka. Kosa langu: nilianza kwa kubishana naye.

Mara ya nne nikamsimulia habari za baba wa wasichana hao. "Rafiki", iliyoongozwa na Wanuri Kahiu, inatokea Nairobi. Kena na Ziki ni mabinti wa wanasiasa wawili wanaoshindana katika uchaguzi mmoja. Hapa Unguja nani asiyejua uchaguzi unavyogawa watu? Akauliza mwenyewe, "Na hao watoto je?" Hapo nikamwambia wazi kwamba wanapendana. Usimfiche mtu kisha ukamtegea, hatakuamini tena.

Ukitaka kuwaonyesha watu filamu hii, waite mmoja mmoja. Wakiwa wengi, kila mtu anamwangalia mwenzake kabla ya kucheka au kulia. Baada ya Isha, mlango umefungwa, kahawa na kashata. Filamu haifiki saa moja na nusu. Kiswahili chake kimechanganyika na Sheng na Kiingereza, kwa hiyo simamisha kidogo umweleze. Akitaka kuondoka katikati, mwache aende.

Usiitume kwenye magrupu, wala usitaje nani alikuja kwako. Sheria yetu ni kali. Kenya kwenyewe iliipiga marufuku mwaka 2018, na mwaka huohuo mahakama ikaifungulia kwa siku 7 tu.

Wifi alinyamaza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa nini mama yake Kena alikuwa mkali kuliko baba, na tukazungumza mpaka usiku mkubwa.