Losheni ya protini ya hariri: vipimo, joto na yanayoharibika

Kiwavi wa hariri hufuma kifukofuko chake kwa protini mbili: fibroini, ambayo ndiyo uzi wenyewe, na serisini, gundi inayoushikanisha. Fibroini nzima haiyeyuki majini, ndiyo maana kiwandani hukatwakatwa kuwa haidrolisati, yaani vipande vidogo vya protini vinavyoyeyuka majini. Hiyo ndiyo ya kununua. Unga wa hariri wa kawaida ni kitu kingine: hunyonya mafuta na kuacha ngozi laini kwa kugusa tu. Koroga kidogo kwenye maji ya uvuguvugu. Ukituama chini, si wenyewe.

Kwa gramu 100: maji yaliyotoneshwa 78, mafuta ya alizeti 10, nta ya kuchanganyia maji na mafuta 5, glisirini 4, haidrolisati ya hariri iliyo kimiminika 2, kihifadhi cha fenoksiethanoli 1. Pima kwa mizani, vijiko vitakudanganya. Maji ya bomba au ya ziwa usiyaguse, hata yakichemshwa: chumvi zake hubaki.

Weka maji na glisirini kwenye chombo kimoja, mafuta na nta kwenye kingine, vyote ndani ya sufuria ya maji ya moto hadi nyuzi 70–75. Kipimajoto kijaribu kwanza kwenye maji yanayochemka. Kwa mfano, Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kikisoma 100 huko, kinazidisha. Mimina mafuta kwenye maji, piga kwa mashine ya mkono dakika tatu, kisha endelea kukoroga taratibu yakipoa.

Hariri na kihifadhi viingie chini ya nyuzi 40, si kabla, maana joto huharibu protini na kuleta harufu. Pima pH, yaani kiwango cha uchachu, iwe 5 hadi 5.5, ikizidi shusha kwa matone ya asidi ya limau iliyoyeyushwa majini.

Ikijitenga siku ya pili, ama nta ilipungua ama pande mbili zilikutana na joto tofauti. Ikinata na kukaza uso, hariri imezidi: asilimia 5 ni nyingi. Ukungu au harufu ya kuoza? Tupa yote, protini ni chakula cha bakteria, na kihifadhi hakina mbadala hapa, hata friji.

Jaribu kwanza mkononi saa 24. Kisha paka baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, hasa Juni hadi Agosti, upepo unapokausha.